Kwa nini jibu liko pale mistari inapokatana: neno "na" katika milinganyo miwili

Utangulizi

Kila aliyepita katika shule ya sekondari ameifanya kazi hii. Mwalimu anaandika milinganyo miwili ubaoni, mmoja chini ya mwingine, na kuifunga pamoja kwa bano kubwa upande wa kushoto. Kisha anachora mihimili, anachora mstari wa kwanza, anachora wa pili. Mahali mistari inapokatana anaweka nukta. Anateremka kutoka kwenye nukta mpaka mhimili wa mlalo, anasoma namba moja; anakwenda kushoto mpaka mhimili wa wima, anasoma namba nyingine. "Hili ndilo jibu," anasema. Wanafunzi wanaandika, na siku ya mtihani wanarudia mwendo ule ule.

Sasa mwulize mmoja wao: kwa nini jibu liko pale mistari inapokatana, na si mahali pengine? Mstari umejuaje? Wengi watajibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Wameshika njia, lakini hawana sababu. Na mtu asiye na sababu hupotea mara swali linapobadilika kidogo: mistari isipokatana, ikikatana mara mbili, au ikilaliana yote.

Makala hii inajaribu kuijibu "kwa nini" hiyo kwa vyombo vya fani yetu wenyewe, yaani sentensi, kiwakilishi na kiunganishi. Msomaji asiogope: hesabu iliyomo humu haizidi ile ya sokoni. Hoja yetu ni moja. Nukta ya makutano inatoa jibu kwa sababu ya neno moja dogo, "na", ambalo halikuandikwa ubaoni. Asiyelisikia neno hilo anaweza kuchora vizuri sana, na bado asielewe anachokichora.

1. Mlinganyo ni sentensi

Tumezoea kuuona mlinganyo kama kitu kisicho na lugha: herufi, namba na alama. Historia inaonyesha kinyume. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9 na ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno "aljebra", hakutumia alama hata moja. Aliandika kila tatizo kwa maneno matupu ya Kiarabu, na ile namba isiyojulikana aliiita mara nyingi "shay'", maana yake "kitu". Alama ya = ilikuja baadaye sana. Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, aliitumia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1557. Alieleza kwamba alichoka kurudia kila mara maneno ya kusema hiki ni sawa na kile, akachagua vistari viwili sambamba kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo.

Kwa hiyo alama ya = ni kitenzi kilichofupishwa, na mlinganyo ni sentensi kamili. Tunaweza kuusoma kwa sauti. x + y = 10 ni kusema: "Kitu hiki na kitu kile, ukivijumlisha, ni kumi."

Je, sentensi hiyo ni kweli au ni uongo? Hatuwezi kujibu. Tutajibuje, na hatujaambiwa "hiki" ni kipi na "kile" ni kipi? Hali hiyo si ngeni kwetu wanaisimu. Tuchukue neno moja la Kiswahili: "Alimlipa." Mitaani Lubumbashi tutasikia "alimulipa", lakini muundo ni ule ule. Ni neno moja, nalo ni sentensi nzima yenye nafasi mbili wazi. Kiambishi a- kinashika nafasi ya mlipaji, na -m- kinashika nafasi ya mlipwa. Mtu akikuambia "alimlipa" bila wewe kujua ni nani na nani, huwezi kusema amesema kweli au amedanganya. Jaza nafasi zote mbili, na hapo ndipo ukweli au uongo unapoonekana.

Tuseme Furaha alimlipa Baraka deni lake, na hakuna malipo mengine. Jozi (Furaha, Baraka) inaifanya sentensi kuwa kweli. Jozi (Baraka, Furaha) inaifanya kuwa uongo, ingawa watu ni wale wale, kwa sababu mpangilio umegeuka: aliyekuwa mlipaji amekuwa mlipwa. Ndiyo maana katika hesabu pia (6, 4) si sawa na (4, 6). Namba ya kwanza inajaza nafasi ya x, ya pili inajaza nafasi ya y, na nafasi hazibadilishani.

Mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege ndiye aliyeifanya fikra hii kuwa msingi wa semantiki. Katika mhadhara wake wa mwaka 1891 mjini Jena, alionyesha kwamba sentensi yenye nafasi wazi inafanya kazi kama fomula ya hesabu: unaipa jina au namba, nayo inakurudishia kimoja kati ya vitu viwili, kweli au uongo. Sisi tunaifuata njia ile ile kwa kurudi nyuma: kutoka sarufi kwenda kwenye hesabu.

2. Grafu ni orodha iliyochorwa

Chukua tena x + y = 10. Jozi zipi zinaifanya kuwa kweli? Tuanze kuandika: (0, 10), (2, 8), (4, 6), (6, 4), (8, 2), (10, 0). Kati ya hizo zipo nyingine, kama (5, 5), (9, 1), na hata (2.5, 7.5). Orodha haina mwisho, na hakuna daftari linaloweza kuimaliza.

Hapo ndipo mchoro unapotusaidia. Mwaka 1637 René Descartes alitoa kitabu kidogo cha jiometri, na katika miaka hiyo hiyo Pierre de Fermat naye alikuwa amefikia wazo hilo kwa njia yake: sentensi yenye vitu viwili visivyojulikana inaweza kuchorwa kama mstari. Sisi leo tunalitekeleza wazo hilo kwa mihimili miwili. Kila jozi ya namba inapewa mahali pake kwenye karatasi, na kila mahali panakuwa na jozi yake. Jozi (6, 4) inakaa hatua sita kulia na hatua nne juu. Hakuna jozi nyingine inayokaa hapo. Karatasi imekuwa kama mtaa ambao kila nyumba ina anwani moja tu.

Sasa pita katika mtaa huo nyumba kwa nyumba. Kila mahali uliza: je, jozi inayokaa hapa inaifanya sentensi x + y = 10 kuwa kweli? Ikijibu ndiyo, paka rangi. Ikijibu hapana, acha wazi. Ukimaliza, rangi yote imejipanga kwenye mstari mmoja mnyoofu unaoteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Unateremka kwa sababu ukiongeza kimoja kwenye x ni lazima upunguze kimoja kwenye y ili jumla ibaki kumi.

Huo mstari ndio grafu. Wanafunzi wengi wanaiona kama njia ambayo kitu fulani kinapita. Sivyo. Grafu ni orodha ya majina, ila majina yameandikwa kwa nukta badala ya wino wa herufi. Na orodha hiyo inatoa ahadi mbili, ambazo ni lazima zitajwe zote mbili:

Kwanza, kila nukta iliyo juu ya mstari inaifanya sentensi kuwa kweli.

Pili, kila jozi inayoifanya sentensi kuwa kweli iko juu ya mstari.

Ahadi ya kwanza inasema kwamba hakuna aliyeandikwa kwa makosa. Ya pili inasema kwamba hakuna aliyesahauliwa. Orodha ya wanafunzi waliofaulu inaaminika pale tu inapotimiza yote mawili. Tutaona hivi karibuni kwamba jibu la mlinganyo linategemea ahadi hizo zote mbili.

3. Kazi ya "na"

Tuchukue sasa mfano wa sokoni. Mama mmoja anauza makaa katika vifuko. (Nyumbani Lubumbashi tunayaita "makala", neno lile lile linalotaja maandishi haya, msomaji atajua lipi linachafua mikono.) Kifuko kidogo ni franka 500, kikubwa ni franka 1,000. Jioni anajua mambo mawili: ameuza vifuko 10, na amepata franka 7,000. Ameuza vidogo vingapi, na vikubwa vingapi?

Tuite idadi ya vidogo x, na idadi ya vikubwa y. Jambo la kwanza linasema:

x + y = 10

Jambo la pili linasema 500x + 1,000y = 7,000. Tukigawanya kila upande kwa 500 tunapata:

x + 2y = 14

Tuangalie kwanza kilichotokea katika kugawanya huko. Maneno yamebadilika, maana haikubadilika. Jozi yoyote iliyokuwa inaifanya sentensi ndefu kuwa kweli inaifanya na ile fupi kuwa kweli, na kinyume chake. Ni sentensi mbili zenye maana moja, kama vile "Furaha alimlipa Baraka" na "Baraka alilipwa na Furaha". Orodha yao ni moja, kwa hiyo mstari wao ni mmoja.

Orodha ya sentensi ya pili ni hii: (0, 7), (2, 6), (4, 5), (6, 4), (8, 3), (10, 2), (14, 0), na nyingine kati yake. Nayo inachora mstari wake, unaoteremka taratibu kuliko ule wa kwanza.

Mama hakusema sentensi moja. Hakusema "nimeuza vifuko 10" akanyamaza. Kwa habari hiyo peke yake angeweza kuwa ameuza vidogo vyote 10, au vikubwa vyote 10. Wala hakusema tu "nimepata franka 7,000". Alisema: nimeuza vifuko 10 na nimepata franka 7,000. Sentensi mbili zilizounganishwa kwa "na" ni kweli pale tu kila moja ni kweli. Hiyo ndiyo maana ya kiunganishi hicho.

Basi jozi tunayoitafuta lazima iwe katika orodha ya kwanza, na iwe pia katika orodha ya pili. Orodha ya kwanza ni mstari wa kwanza. Orodha ya pili ni mstari wa pili. Nukta iliyo katika mistari yote miwili ni ipi? Ni ile inayokaa pale mistari inapokatana. Kukatana hakuna maana nyingine: ni kuwa na nukta ya pamoja. Hapa ni (6, 4). Vifuko vidogo 6, vikubwa 4. Sita na nne ni kumi. 3,000 na 4,000 ni 7,000.

Sasa tuzirudie zile ahadi mbili. Kwa ahadi ya kwanza, nukta ya makutano ni jibu kweli, kwa sababu iko katika kila mstari na hakuna mstari ulioandika jozi kwa makosa. Kwa ahadi ya pili, hakuna jibu lingine lililojificha nje ya makutano. Kama lingekuwepo, lingekuwa katika orodha zote mbili. Na lingekuwa katika orodha zote mbili, lingekuwa juu ya mistari yote miwili, yaani lingekuwa lenyewe nukta ya makutano. Hapo swali letu limejibiwa. Mstari haukujua chochote. Ulikuwa unahifadhi majina tu, nasi tumelisoma jina lililoandikwa mara mbili.

Wenzetu wa semantiki wataliona jambo hili katika Kiswahili cha kila siku. Tunaposema "mwanafunzi mgonjwa", tunachukua kundi la wanafunzi na kundi la wagonjwa, tunabaki na walio katika yote mawili. Kishazi rejeshi kinafanya vivyo hivyo: "jozi ambayo jumla yake ni kumi na ambayo inaleta franka 7,000". Kila maelezo yanayoongezwa yanapunguza wanaobaki.

4. Masharti mawili yasiyosemwa

"Na" ya hesabu inafanana na "na" yetu, lakini si yote. Kuna mambo mawili ambayo mwalimu huyapita kimya, na ambayo mwanaisimu hawezi kuyapita.

La kwanza ni utambulisho wa viwakilishi. Mtu akisema "Alikuja jana. Alilipa," je, aliyekuja ndiye aliyelipa? Katika mazungumzo tunakisia kwa muktadha. Katika hesabu hakuna kukisia. Bano kubwa linalofunga milinganyo miwili ni kiapo kwamba x ya juu ndiyo x ya chini, na y ya juu ndiyo y ya chini. Kama x ya kwanza ingekuwa vifuko vya leo na x ya pili vifuko vya jana, nukta ya makutano isingekuwa na maana yoyote. Ndiyo maana pia grafu zote mbili zinachorwa juu ya mihimili ile ile. Mtu akichora kwenye karatasi moja bei ya mahindi kwa franka na mvua kwa milimita, mistari hiyo inaweza kukatana mara kumi bila kutuambia lolote. Imekatana kwenye karatasi tu. Haikukatana katika maana.

La pili ni wakati. "Alikwenda sokoni akanunua makaa" si sawa na "Alinunua makaa akaenda sokoni". Kiambishi -ka- kinapanga matukio, na hata "na" yetu mara nyingine inabeba fikra ya "kisha". "Na" ya milinganyo haina saa. Mlinganyo wa pili hauji baada ya wa kwanza. Yote inasema kwa pamoja. Ukianza kuchora huu au ule, makutano ni yale yale.

5. Kwa nini hesabu na mchoro vinakubaliana

Wanafunzi hufundishwa pia njia nyingine, ya kutoa mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine. Toa x + y = 10 kutoka kwa x + 2y = 14, inabaki y = 4. Jibu ni lile lile. Je, ni bahati?

Tusome tena kwa orodha. Jozi yoyote inayotimiza sentensi zote mbili inatimiza pia sentensi inayopatikana kwa kuzitoa. Kwa hiyo mstari wa y = 4 lazima upite katika nukta ile ile ya makutano. Ni mstari uliolala, ukipita katika jozi zote ambazo namba yake ya pili ni 4. Tukibaki na y = 4 na x + y = 10, hatukupoteza kitu, maana kwa kujumlisha hizo mbili tunaipata tena x + 2y = 14. Kisha tunatoa y = 4 kutoka kwa x + y = 10, tunapata x = 6: mstari uliosimama wima, nao unapita pale pale.

Kwa hiyo yule anayehesabu anachora bila kujua. Anaanza na mistari miwili iliyoinama. Anaibadilisha mmoja mmoja, na kila mstari mpya unapita katika nukta ile ile kama mlango unaozunguka kwenye bawaba yake. Anaacha pale mmoja umelala na mwingine umesimama, kwa sababu mistari ya namna hiyo inasomeka bila kazi: x ni 6, y ni 4. Kutatua ni kubadilisha maneno ya sentensi mpaka jibu lisikike lenyewe, huku ukilinda nukta isisogee.

Kila njia ina faida yake. Penseli ina unene, na jibu kama theluthi moja halisomeki vizuri kwenye karatasi. Hesabu inalitoa sawasawa. Lakini mchoro unakuonyesha mara moja kama jibu lipo, na kama liko moja au zaidi.

6. Mistari isiyokatana, na mistari iliyolaliana

Tuseme mtu anatuletea x + y = 10 na x + y = 12. Mistari miwili hii inakwenda sambamba, haikutani. Kwa nini? Kwa sababu sentensi zinapingana: hakuna vifuko ambavyo jumla yake ni 10 na ni 12. Mwanafunzi anayehesabu atapata 0 = 2 na kuogopa, akidhani amekosea. Hakukosea. Sentensi ya uongo aliyoifikia ndiyo habari yenyewe: orodha mbili hazina jina la pamoja.

Mwingine atatuletea x + 2y = 14 na 2x + 4y = 28. Ukichora, mstari wa pili unalala juu ya wa kwanza. Ni mtu aliyesema jambo lile lile mara mbili kwa maneno mengine. Sentensi ya pili haikuongeza habari, kwa hiyo haikupunguza orodha; kila jozi ya mstari ni jibu. Idadi ya milinganyo si idadi ya habari.

Tena kuna hali ya tatu ambayo soko linaifundisha vizuri kuliko ubao. Kama mama angesema vifuko 10 na franka 7,250, mistari ingekatana vizuri kabisa, kwenye (5.5, 4.5). Lakini hauzi nusu ya kifuko. Jibu lipo kwenye karatasi, sokoni halipo: ama amekosea kuhesabu vifuko, ama amekosea kuhesabu pesa, ama kuna mteja aliyepunguziwa bei. Sharti la namba kamili ni sentensi ya tatu, nayo imeunganishwa kwa "na" kama nyingine.

Sababu tuliyoipata haitegemei mistari kuwa minyoofu. Chukua y = x², ambayo grafu yake ni mkunjo kama bakuli, na y = x + 2, ambayo ni mstari mnyoofu. Zinakatana mara mbili, kwenye (−1, 1) na (2, 4), na hayo ni majibu mawili. Orodha mbili zimekuwa na majina mawili ya pamoja, basi. Ukiwa na vitu vitatu visivyojulikana, badala ya mistari unapata tandiko bapa katika nafasi ya pande tatu. Lakini swali linabaki lile lile: nani yuko katika orodha zote?

7. "Na" si "au"

Kosa moja hujirudia kwenye madaftari: mwanafunzi anachora mistari miwili, kisha anasema kwamba nukta zote za mistari yote miwili ni majibu. Si mjinga. Amesikia kiunganishi kingine. Amesikia "au", ambayo wengi wetu mitaani tunaitamka "ao".

"Au" ina grafu yake. Tazama (x − 2)(y − 3) = 0. Kuzidisha kunatoa sifuri pale tu mmoja wa wanaozidishwa ni sifuri, kwa hiyo sentensi hii inasema: x ni 2 au y ni 3. Orodha yake ni mstari uliosimama pamoja na mstari uliolala, yote mizima. Hapa kila nukta ya kila mstari ni jibu. Chini ya bano kubwa, kinyume chake, inabaki nukta moja tu, (2, 3). Karatasi ni ile ile, mistari ni ile ile. Kilichobadilika ni kiunganishi. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "hapa ni na au ni au?" hatachanganyikiwa tena.

Kutoka hapo tunaelewa pia kwa nini jibu hukaguliwa katika milinganyo yote miwili. Jozi (5, 5) inapita mlinganyo wa kwanza vizuri. Katika wa pili inatoa 15 badala ya 14. Anayekagua mmoja tu ameamini nusu ya sentensi.

8. Lugha ya kuelezea

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa lugha za Afrika? Yanatuhusu sana. Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa kama lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kama lugha za kitaifa. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za kitaifa na za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia. Hata hivyo, mwanafunzi anapofika kwenye milinganyo, Kiswahili kimeshatoka darasani siku nyingi. Anapokea njia kwa Kifaransa na kuikariri. Neno "et", ambalo ndilo lenye sababu yote, halitamkwi hata kwa Kifaransa, kwa maana bano limechukua nafasi yake.

Hatusemi Kifaransa kiondoke. Mtihani uko katika lugha hiyo, na atakayeinyima kwa mtoto atakuwa amemdhuru. Tunasema kwamba sababu ielezwe katika lugha ambayo mtoto anaijua "na" yake bila kufundishwa. Descartes mwenyewe, mwaka 1637, hakuandika kwa Kilatini, lugha ya walimu wake. Aliandika kwa Kifaransa, lugha ya nchi yake, naye alisema wazi kwamba amefanya hivyo kwa makusudi. Recorde aliandika kwa Kiingereza wakati wasomi wa Ulaya waliandikiana kwa Kilatini. Lugha hizo hazikuwa na istilahi tayari. Zilizipata kwa kutumiwa.

Kiswahili kina mlinganyo, mhimili, nukta, jozi, orodha. Zaidi ya maneno, kina sarufi inayobeba nafasi mbili wazi ndani ya kitenzi kimoja, jambo ambalo mwalimu wa Kifaransa angelieleza kwa maneno mengi. Mwalimu anayeanza na "alimlipa" na kuuliza "nani, na nani?" ameshafika nusu ya njia.

Hitimisho

Tumeona kwamba mlinganyo ni sentensi yenye nafasi wazi. Kwamba grafu ni orodha kamili ya jozi zinazoifanya sentensi hiyo kuwa kweli. Kwamba bano linaloifunga milinganyo miwili ni neno "na". Na kwamba kuwa katika orodha mbili kwa pamoja ndiko kukatana kwa mistari. Mengine yote, yaani kutoa mlinganyo kwa mlinganyo, mistari sambamba, mistari iliyolaliana na mikunjo, yanafuata kutoka hapo bila kanuni mpya ya kukariri.

Kwa wenzetu watakaokwenda kufundisha, tunapendekeza jambo dogo. Kabla ya kuchora mihimili, msomeshe mwanafunzi milinganyo yote miwili kwa sauti, kwa Kiswahili, kama sentensi moja, na "na" yake isikike katikati. Kisha mwulize ni jozi gani inayotimiza sentensi nzima. Acha atafute kwa orodha, kwa mkono. Akiipata (6, 4) katika orodha zote mbili, mpe penseli achore. Hapo mistari ikikatana hatahitaji kuambiwa kwa nini.